Karatasi Iliyokunjwa Mara Tatu

Siku mliyoniaga, nyinyi wainjilisti vijana mliniomba niwaandikie niliyojifunza kazini. Kwanza nilitaka kuwajibu kwamba yanaenea nusu ukurasa. Mke wangu akasema nikiandika nusu ukurasa mtadhani miaka yote ile nilikuwa nimelala. Basi naandika. Vyeo sitavitaja kwa sababu vilikuwa vichache, na posho sitaitaja kwa sababu hiyo hiyo. Nitaeleza jinsi kazi ilivyonipokea, na kosa moja nililolifanya Usinge ambalo karibu limuue mtu. Hilo kosa mtaniwia radhi nikilirefusha, maana ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu.

Niliteremka kwenye treni pale Usinge nikiwa na baiskeli isiyo na breki, sanduku la bati, na vyeti viwili vya chuo cha uinjilisti nilivyovifunga kwa nailoni visilowe. Aliyekuja kunipokea alikuwa Mzee Mihayo, mwinjilisti wa kituo, mtu mfupi aliyenuka ugoro na kunung'unika juu ya kila kitu isipokuwa watu. Hakuviangalia vyeti. Aliiangalia baiskeli, akauliza, "Hii unaisimamisha kwa nini, kwa maombi?" Kesho yake alinifundisha kuziba pancha, kupaka mnyororo mafuta, na kugonga kengele ya kanisa, ambayo ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mti na kugongwa kwa bolti kubwa. Alisema reli ikigongwa katikati inapiga kelele tu, ikigongwa karibu na ncha ndiyo inaita watu. Ni kweli, na mpaka leo naona mnaigonga katikati.

Siku ya tatu alinichukua kwenda kumwona mrina asali mmoja aliyeanguka na mzinga wake msituni. Tulimkuta amelala kwenye kitanda cha kamba, mgongo umekwisha, miguu haina habari. Mkewe akatutazama kwa macho yale mtakayoyazoea. Mimi nikiwa na vyeti viwili nilijua la kusema. Nikafungua kinywa niseme, "Utapona, mzee, Mungu ameahidi." Kabla sijamaliza neno la kwanza, Mzee Mihayo akanikanyaga mguu. Alikuwa amevaa makubazi ya tairi, na kukanyaga kwenyewe hakukuwa kwa kirafiki. Nikanyamaza. Yeye akasalimia, akaomba maji ya kunywa, akasoma kifungu kifupi, akaomba kwa maneno machache, halafu akakaa. Tulikaa mpaka jua likapinda, hakuna mwenye kusema kitu ila kuhusu nyuki.

Njiani nilimuuliza kwa nini ameniumiza. Akajibu, "Ulikuwa unataka kumwahidi kitu ambacho hukutumwa. Mtu akikuuliza Mungu amesema nini, msomee. Akikuuliza Mungu atamfanyia nini yeye, kesho, mwambie hujui, kisha ukae naye. Sasa sukuma baiskeli."

Yule mrina asali alifariki baada ya wiki mbili. Mkewe aliendelea kuja kanisani. Nimefikiri mara nyingi kama angekuja, endapo ningemaliza sentensi yangu.

Mzee Mihayo ndiye aliyeanzisha pale Usinge desturi ya karatasi za ahadi. Wengi wenu mnaifanya katika vituo vyenu, lakini hamjui ilivyokuwa mwanzoni. Kabla ya Jumapili ya kwanza ya mwaka, alikata kalenda za zamani vipande vidogo, na nyuma yake palipokuwa peupe akaandika ahadi moja moja kutoka kwenye Maandiko. Kila karatasi ilikunjwa mara mbili, zikatiwa zote kwenye ungo. Mwinjilisti alipita na ungo, kila mtu akachota yake, akaisoma mbele ya wenzake, ikawa neno lake la mwaka. Kulikuwa na vigelegele na vicheko. Mkulima mmoja wa tumbaku mwenye watoto kumi na mmoja alichota ahadi ya Ibrahimu kuwa na uzao kama nyota, akaomba abadilishiwe. Mzee Mihayo alikuwa na sharti moja tu: anayebeba ungo haruhusiwi kugusa karatasi. Alibeba kwa viganja vilivyo wazi, kama mtu anayemshikia mwenzake maji ya kunawa. Nilidhani ni madaha ya uzee.

Alipostaafu akaenda kwa binti yake Nzega, nikabaki na kituo, reli, ungo, na miguu isiyo na wa kuikanyaga.

Sasa niwaeleze habari za Kalunde. Alikuwa mke wa Nkwabi, mkulima mkimya wa tumbaku na karanga. Aliimba sauti ya chini kwenye kwaya, na akicheka walisikia hadi stesheni. Alikuwa ameolewa miaka minane bila mtoto. Wenzake wote aliokuwa nao kwaya walikuwa mama fulani na mama fulani, hata yule aliyeolewa mwaka uliopita. Yeye aliitwa Kalunde tu. Mama mkwe wake hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na mwana mmoja na umri ulikuwa unakwenda. Akaanza kusema wazi kwamba mavuno yakipita atamleta binti wa jamaa zao kutoka Igunga, awe mke wa pili. Nkwabi hakusema ndiyo wala hapana, na kwa mtu mkimya hilo linatisha.

Siku moja mwishoni mwa mwaka nilikuwa nimeipindua baiskeli mbele ya nyumba yangu natafuta tundu, Kalunde akapita na beseni kichwani. Akasimama.

"Shikamoo, Mwinjilisti."

"Marahaba. Habari za nyumbani?"

"Nzuri." Akaliweka beseni sawa kichwani. "Mwinjilisti, ukiwa unaomba peke yako, unaweza kunitaja kwa jina? Siyo akina mama wote. Mimi."

Nikamwambia nitamtaja. Akaenda. Niliendelea kutafuta lile tundu nisilione, kwa sababu macho yalikuwa yamejaa machozi. Nilimhurumia sana. Nawaambia hivyo mapema ili msije mkadhani nilifanya niliyofanya kwa hila. Nilifanya kwa huruma, na ndiyo maana sikujizuia.

Nilipoandika karatasi za mwaka ule, niliandika moja yenye maneno aliyoambiwa Sara, kwamba mwakani wakati kama huu atakuwa na mtoto wa kiume. Nyingine zote nilizikunja mara mbili. Hii niliikunja mara tatu ili iwe ndogo, nikaibana chini ya kidole gumba kwenye ukingo wa ungo. Kalunde alipofika, nikatikisa ungo kidogo, nikainua kidole, karatasi ikateleza hadi penye vidole vyake. Hata fundi wa kamari asingeona.

Akaifungua. Akasoma kimoyomoyo, kisha akapaza sauti kwa ile sauti yake ya chini. Kanisa lilipasuka kwa vigelegele. Mama mkwe alikuwa kwenye benchi la tatu, akainuka, akamkumbatia. Kabla watu hawajatoka nje walikuwa wameshaanza kumwita Mama Isaka.

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ambayo sijaipata tangu hapo. Nilijiambia nimempa mwaka mmoja wa kupumua, na kwamba Mungu hawezi kushindwa kutimiza jambo dogo kama hilo alilokwisha kulifanya kwa bibi wa miaka tisini. Angalieni jinsi nilivyokuwa nimepanga: ahadi niitoe mimi, aitimize Yeye.

Miezi ikapita. Habari ya binti wa Igunga haikutajwa tena. Mwezi wa sita tumbo la Kalunde likaanza kuonekana. Akina mama wakashona nguo ndogo ndogo, na Nkwabi, mtu asiyesema, alinisimamisha njiani akanipa chupa ya asali bila kueleza ni ya nini. Nikaipokea. Nililala usingizi mzuri sana miezi ile.

Mwezi wa tisa nesi wa zahanati alituma niitwe. Aliitwa Zuhura, binti wa Tabora mjini, Mwislamu, mwenye maneno machache yenye makali. Alifunga mlango.

"Mwinjilisti, yule Mama Isaka wenu hana mimba."

Nikamwambia tumbo liko wazi.

"Tumbo lipo. Nimempima mara mbili. Ni uvimbe kwenye mfuko wa uzazi, na anapoteza damu. Anaificha, anafua nguo zake usiku. Macho yamekuwa meupe kama karatasi. Nimemwambia aende hospitali ya Kitete, Tabora, akafanyiwe upasuaji, ameniambia hata Sara hakupimwa." Akanitazama. "Mimi dini yenu siiingilii. Lakini mwenzako anakufa, na anasema ameambiwa na Mungu. Wewe ndiye unayemsomea Mungu anasema nini. Kamwambie."

Nilitoka pale nikasukuma baiskeli kwa mkono, sikuipanda. Niliogopa. Sikuogopa kwa ajili yake peke yake, na hilo nalisema kwa aibu. Niliona kituo changu kikiondoka. Niliona watu wakicheka, na mama mkwe akimwandikia barua binti wa Igunga. Nikajaribu njia ya mkato: jioni ile nilikwenda nikamwambia Kalunde kwamba Mungu hutumia na madaktari, aende tu akapimwe, ahadi itabaki palepale. Akatabasamu kwa upole, kama mtu anayemsamehe mwinjilisti kwa kuwa na imani haba. Akasema, "Wakinitoa hiki, Mungu atakuwa amesema uongo. Siwezi kumfanyia hivyo."

Kurudi nyumbani sikula. Nilichukua ungo ukutani.

Asubuhi nilifika kwao nikiwa nimeubeba ungo, ndani yake mna karatasi, zote zimekunjwa mara mbili isipokuwa moja. Niliwakuta watatu uani. Kalunde alikuwa amekaa kwenye mkeka akimenya karanga, anapumzika kila baada ya kiganja. Mama mkwe alikuwa anapeta mtama. Nkwabi alikuwa anatia mpini kwenye jembe.

"Mwangaluka," nikasalimu, kama tunavyosalimiana asubuhi Kinyamwezi. Wakaitika. Wakaniletea kigoda. Sikukaa.

Nikasema, "Kalunde, ile karatasi hukuichota. Nilikupa mimi."

Hakuelewa. Nikarudia. Nikaeleza kuhusu kukunja mara tatu na kuhusu kidole. Akaacha kumenya karanga, akanitazama bila hasira yoyote.

"Basi Mungu alikitumia kidole chako," akasema.

Hapo ndipo nilipotaka ardhi inimeze. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa kilio, kwa jembe la Nkwabi. Sikuwa nimejiandaa kwa imani. Na ilikuwa imani bora kuliko yangu, iliyoshikilia kitu nilichokitengeneza kwa mkasi na kalenda ya zamani.

Nikapiga magoti pale mkekani, nikamwomba achote. Akasita, akanyoosha mkono. Nikatikisa ungo, nikainua kidole. Ikaangukia vidoleni mwake. Nikamwomba achote tena. Ikaangukia tena. Mara ya tatu mama mkwe aliacha kupeta, akasogea karibu kuangalia kidole changu. Akakiona.

"Anaiachia yeye," mama mkwe akasema taratibu. "Kalunde, anaiachia yeye."

"Kama ningetumwa ningejua," nikamwambia. "Sikutumwa. Nilikuhurumia, nikakusemea Mungu bila ruhusa yake. Uongo ni wangu. Ukienda kutibiwa, humfanyi Yeye mwongo. Mwongo ni mimi, na tayari nimeshakuwa."

Akauliza, "Kwa hiyo Mungu hakusema?"

"Kwa Sara alisema, akatimiza. Kwako wewe, kuhusu mtoto, sijui."

Hilo neno, sijui, nililifundishwa kwa kukanyagwa mguu, na nilihitaji miaka tisa kulitamka. Kalunde akachukua karatasi ile akaikunja mara mbili kama nyingine, akaitupia ungoni. Akaniambia niondoke.

Nilifika nyumbani nikaanza kufunga sanduku la bati. Kabla ya saa sita Nkwabi akaja. Alisimama mlangoni.

"Mke wangu anasema atakwenda hospitali," akasema. "Na anasema wewe utakuja nasi."

Tulipanda treni ya kwenda Tabora. Kalunde alilala njia nzima, kichwa kwenye paja la mumewe, na mimi nilibeba mizigo, kazi iliyonistahili. Kule hospitali Kitete walimwongeza damu kwanza. Daktari alieleza kwamba uvimbe umekwisha kuushika mfuko wa uzazi wote, vyote vitatoka. Nkwabi aliweka kidole gumba kwenye wino, akatia sahihi kwa alama yake. Nilikitazama kidole kile nikafikiria changu.

Kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji niliruhusiwa kumwona. Nilifungua kitabu nimsomee. Akauinua mkono.

"Usiniahidi kitu," akasema. "Kaa tu."

Wodi ya wanawake mwanamume hakai. Lakini nje, chini ya dirisha lake, kulikuwa na benchi la saruji. Nikakaa pale. Nkwabi alipokwenda kutafuta chakula nilikaa, aliporudi nilikaa. Walinzi walinizoea. Nilikaa siku tisa, saa zote walizoruhusu na nyingine walizojifanya hawanioni. Mwanzoni niliomba kwa maneno mengi, baadaye maneno yaliniishia, nikaomba kwa kukaa. Kulikuwa na ahadi moja tu niliyothubutu kuishika, ile ambayo Bwana aliwapa wafuasi wake wote bila kuchagua, kwamba atakuwa pamoja nao. Hiyo haikunjwi mara tatu kwa ajili ya mtu. Lakini hata hiyo sikuisema kwa sauti, kwa sababu nilikuwa nimekatazwa.

Siku ya nne, baada ya homa kumwachia, nilisikia sauti ya chini kutoka dirishani.

"Bado upo?"

"Nipo."

Nililia pale kwenye benchi, mtu mzima, na kofia nimeishika.

Tuliporudi Usinge nilisimama kanisani nikaeleza yote, ungo mkononi. Sitasema mengi kuhusu siku ile. Watu wengine hawakuniangalia usoni hadi mvua zilipoanza. Baraza la wazee liliniondoa madhabahuni miezi sita. Nikawa nafagia, nagonga reli, na kuchota maji ya maua. Nawaambia, hiyo miezi sita ilinifaa kuliko chuo. Chupa ya asali nilimrudishia Nkwabi, akaikataa, nikaila kwa uchungu.

Kalunde hakuja kanisani masika yote. Tukikutana njiani tulisalimiana, anapita. Jina la Mama Isaka lilikatika lenyewe, aliyejaribu kulitumia aliambiwa kwa upole, "Niite Kalunde." Nilikuwa na hakika nimemwua kwa namna nyingine, nimeondoa uvimbe nikaondoa na imani. Hilo ndilo lililoninyima usingizi, kuliko adhabu.

Halafu Jumapili moja nikiwa nafagia mlangoni, nikaona miguu. Nikainua kichwa.

"Mwinjilisti," akasema, "nilikuwa na hasira na wewe, nikaipeleka yote kwa Mungu. Nimekaa nayo masika yote, sasa nimezitenganisha. Yako bado ninayo kidogo." Akaingia, akaenda kukaa na kwaya.

Mwishoni mwa mwaka wazee walitaka kuifuta desturi ya karatasi. Niliunga mkono mbio mbio. Kalunde akasimama akapinga. Alisema ahadi za Mungu hazina kosa, kosa ni kuzigawa kama vile hazikuwahi kuwa na mwenyewe. Akashauri kwamba chini ya kila ahadi paandikwe nani aliambiwa na alisubiri muda gani. Basi kwa mwandiko wake mkubwa akawa anaandika: aliambiwa Ibrahimu, alisubiri miaka ishirini na mitano. Aliambiwa Simeoni, alisubiri mpaka uzee. Waliambiwa waliochukuliwa uhamishoni, wengi wao hawakuona. Nilidhani watu watavunjika moyo wakisoma hayo. Wakayapenda kuliko mwanzo. Yule wa watoto kumi na mmoja alisema sasa ndiyo anaelewa kwamba hata nyota zilichukua muda. Na aliyebeba ungo alikuwa Kalunde, viganja wazi. Kumbe yale hayakuwa madaha ya uzee.

Nkwabi hakuoa mke wa pili. Msinipe sifa hiyo, sijui alimwambia nini mama yake. Ninachojua ni kwamba mama mkwe alipougua kwa muda mrefu, aliyemwogesha ni Kalunde, na hakuruhusu mwingine amlishe.

Baada ya Usinge nilihamishwa vituo vitatu, na huko kote nilifanya makosa ya kawaida ambayo hayana haja ya karatasi. Nilizika, nilibatiza, niliziba pancha. Nikastaafu, nikarudi Kwihara kwetu, nje kidogo ya Tabora. Wageni wanaotafuta ile nyumba ya zamani ya kwenye njia ya misafara hunisimamisha kuuliza, na ninapowaelekeza hukanyaga mihogo yangu. Nilidhani hadithi yangu imeishia hapo, kwenye mihogo.

Ila mwaka huu nilipata tatizo la tezi dume, nikalazwa Kitete, nikafanyiwa upasuaji. Kidonda kikachelewa. Homa ikapanda na kushuka, na mimi niliyewaona wagonjwa maisha yangu yote niligundua kwamba sikuwahi kujua ni nini kulala pale na kutazama dari. Niliogopa kufa. Niliogopa kama mtu asiyewahi kuhubiri. Mke wangu alikuja asubuhi na uji, mchana akarudi Kwihara kwa sababu ya mbuzi.

Siku ya tano ya homa alikuja kuniona Rehema, binti yule aliyepewa kituo cha Usinge. Naye anaisoma hii sasa na ameniruhusu kumtaja. Alisimama kando ya kitanda, akanitazama kwa huruma niliyoijua vizuri, nikajua anachotaka kusema kabla hajakisema. Akanishika mkono.

"Baba Mwinjilisti, usiogope. Mungu amenionyesha. Siku ya tatu kuanzia leo utatoka hapa ukiwa mzima."

Sitawadanganya. Nililitaka neno lile. Nilinyoosha mkono wa moyo kulipokea kama Kalunde alivyonyoosha wake kwenye ungo. Sikuwa na nguvu ya kumkanyaga mguu.

Kutoka dirishani, nje, sauti ya chini ikauliza, "Amekuonyesha saa ngapi?"

Rehema akageuka. Nikageuza kichwa na mimi. Wodi ya wanaume nayo ina benchi la saruji chini ya dirisha, na pale alikuwa amekaa mwanamke mwenye mvi, mzee wa kanisa sasa, kapu miguuni, amekuja na treni ya kutoka Usinge asubuhi ile bila kumwambia mtu.

"Shikamoo, mama," Rehema akasema, amechanganyikiwa.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuuliza saa ngapi."

Machozi yakamlengalenga Rehema. "Sijaonyeshwa, mama," akasema. "Ninamhurumia tu."

"Najua. Hata yeye alinihurumia." Kalunde akavuta kapu lake pembeni, akasogea mwisho wa benchi, akapapasa saruji kwa kiganja. "Njoo ukae hapa."

Rehema akauachia mkono wangu, akatoka, akakaa. Homa ilikuwa imenikaza meno, lakini niliuliza swali moja.

"Kalunde. Ile hasira iliyobaki, bado unayo?"

"Kidogo," akasema. "Lala."

Siku ya tatu sikutoka. Nilitoka siku ya kumi na moja, natembelea fimbo. Kila nilipogeuka dirishani katika siku hizo, mmoja wao alikuwepo.